Nilivyomshonea Mtaliano bikini bila kumtazama, Malindi ya miaka ya themanini

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Enzi hizo nilikuwa fundi cherehani Malindi. Mgiriama wa Ganze, nina duka, najiona mstaarabu kupindukia. Kazi yangu uniform za shule na suruali za walimu.

Siku moja akaja Paola, Mtaliano aliyesimamia hoteli ndogo ufukweni. Bikini yake imeraruka, anataka nyingine ya kitambaa cha leso.

"Ukiweza hii, fundi, nguo za wahudumu wangu wote utashona wewe."

Nikasema naweza. Uongo mtupu!

Wakuu, nilimpima nikiangalia paa. Nadhani kuna kipimo kimoja kilikuwa cha nguzo.

Akaniachia ile iliyoraruka iwe sampuli. Nikaificha chini ya uniform, mke wangu Kadzo asiione, kisha nikashona kwa kukisia. Kiunoni mpira sikutia, nilitia kamba.

(Paola aliniambia hata kwao nguo hiyo ilizua balaa. Mamake aliwahi kufukuzwa ufukweni na polisi kwa kuivaa. Mimi nilidhani Wazungu wamezaliwa nayo.)

Jumamosi Paola akaivaa, akaingia baharini. Wimbi la kwanza likaondoka na nusu ya kazi yangu. Akatoka amejisitiri kwa taulo la kuazima, wahudumu wameinamisha vichwa, mabega yanatetemeka.

Akaja dukani moto. Kadzo naye yupo. Nikajua leo nimekwisha: kazi imepotea, na nyumbani sijui nitalala wapi.

Kadzo akasikiliza kisa chote. Akafukua sampuli, akaigeuza, akaangalia mishono. Akachukua tepu akampima Paola, wote wawili wanacheka. Halafu akanigeukia.

"Baba Karisa, nyanya yako Ganze alivaa hando lake, ile sketi ya marinda, kifua wazi, mpaka tukamzika. Ulipokuwa ukila kwake, ulifumba macho?"

Nikainama kumtafutia mpira.

Bikini aliyoishona Kadzo ilikuwa na mpira na bitana, na bahari haikuiweza. Wageni wakaanza kuja na kuulizia "Mama Kadzo". Nguo za wahudumu tulipewa kweli, ila aliyepewa ni yeye. Mimi nilitia vifungo.

Nilichojifunza: niliyoiita heshima ilikuwa woga tu, na fundi mwoga huwavua watu nguo.

Mliokuwa Malindi enzi hizo, semeni na yenu. Aibu ya peke yangu nzito.