Nilivyowaita Wakwe Wafilisti

Niliacha shule darasa la tano wazazi walipofariki, na tangu hapo ndimi ninayekalia kiti cha baba. Wapare walipopanda mlimani kwetu Kilema kumposa mdogo wangu Anjela, nilitaka waone kwetu kuna mzee.

Redioni nilikuwa nimesikia watu wakibishana kama Wapalestina ni uzao wa Wakanaani wenyeji au wa Wafilisti waliotoka ng'ambo.

"Sisi ndio Wakanaani wa mlima huu," nikasema. "Nyinyi Wafilisti, watu wa kuja."

Anjela akainamisha kichwa. Mjomba wa kijana aliyekuja kuposa akamgeukia shangazi yetu.

"Mama, ninyi mko hapa tangu lini?"

"Tangu babu yangu. Alikuja kuuza majembe, akaoa huku. Mpare wa Ugweno."

Mjomba akanisogezea kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Kunywa, Mfilisti mwenzangu."