Kijiguu cha Tisa Chini ya Carte Mère

Sitaficha kitu: mudogo wangu nilimuonea wivu tangu hajaota meno. Tumbo moja, titi moja, lakini yeye njo alipewa mikono. Tulipokimbia Burungu, mimi nilimubeba mugongoni mpaka Kitshanga, na sikusikia mutu akisema aksanti. Alipofika miaka kumi akaifanya radio mbovu ya jirani iseme, basi! Baba aliisimulia hiyo radio kambi nzima mpaka masikio yakaniuma.

Mimi nilisoma. Nilikaa Goma miaka miwili kwa informatique, elimu ya kompyuta, nikarudi na karatasi yenye muhuri, nikaitundika ukutani. Yeye alikuwa sokoni na meza yake ya mbao, anatengeneza simu na radio. Na nani alikuwa anaitwa "mufundi" Kitshanga yote? Si mimi mwenye karatasi.

Miaka ile ya vita nilikuwa nafundisha hesabu kwenye masomo ya sekondari. Papa Prefe, mukubwa wetu wa masomo, akatangaza kwamba ordinateri, yaani kompyuta, inakuja, na kwamba mutu atakayeiunganisha na kuiwasha njo atapewa kufundisha informatique, pamoja na ufunguo wa chumba cha hiyo mashine. Niliitaka ile kazi. Mudogo wangu pia aliitaka, na haja yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, nilijua vizuri. Pale sokoni watu wenye bunduki walikuwa wanamuletea simu zilizoloana mvua, na simu isipopona yeye anapigwa kofi.

"Yaya, niko nachoka," aliniambia mimi ndugu yake mukubwa. "Ningepata kazi penye iko mulango wa kufunga."

Nilijifanya sikusikia, nikaendelea kuchagua maharagi.

Wakati ule kitu kizima hakikupita njiani. Ukibeba ordinateri nzima toka Goma, kwenye bariere ya kwanza watu wenye bunduki wanaisalimia, ya pili wanaichukua. Kwa hiyo ilifunguliwa kabisa na kugawanyiwa abiria. Sanduku lake la chuma lilikuja limejaa viazi. Carte mère, lile bamba la kijani ambalo vipande vyote vya ordinateri vinashikamana nalo, ilikuja imefungwa kitenge ndani ya kikapu cha mama mumoja wa Masisi, muuza fromage, yaani jibini. Viskuru vyote vilikuja katika kopo la maziwa ya unga. Na kila kitu kilichopita bariere kwa vipande, kiwe kitanda ao mashine ya kusaga, tulikuwa na sheria moja ya kukiunganisha upya: kisibaki kitu. Kikibaki hata kiskuru kimoja, umekosea, anza tena.

Papa Prefe alianza na mimi, juu ya ile karatasi. Nilifanya kazi saa sita mchana katika chumba cha walimu, wote wamesimama nyuma yangu. Carte mère haitakiwi kugusa chuma cha sanduku. Inasimama juu ya vijiguu vidogo vya shaba, kila kijiguu chini ya tundu lake. Nilipotoa viskuru, ndani ya kopo mulibaki vijiguu tisa. Sanduku lilikuwa na matundu mengi, ya kupokea bamba za kila ukubwa. Nikafunga vijiguu vyote tisa, kopo likabaki tupu, nikaligeuza mbele ya walimu ili waone.

Kisha bamba likakataa kukaa. Matundu yake yalipishana kidogo na vijiguu, nikisukuma linarudi. Kumbe kibati chembamba cha nyuma ya sanduku, ulimi wake ulikuwa umeingia katika tundu la kuchomeka waya. Nikaunyoosha kwa turnevisi ya kufungia viskuru, bamba likakaa, walimu wakapiga makofi. Mungu wangu, yale makofi yalikuwa matamu! Nikatamani mudogo wangu angekuwa pale ayasikie.

Jenereta ikawashwa. Nikabonyeza. Feni ikazunguka mara moja, ikazima. Nikabonyeza tena: vilevile.

"Imekufa," nikasema. "Yule mama wa fromage ameiloanisha na maji ya maziwa."

Walimuita. Maskini, aliapa kwa watoto wake kwamba kitenge kilifika kikavu. Nilimutazama na macho makali, mimi niliyekuwa sina hata tone la ushahidi.

"Muite mudogo wako," Papa Prefe akasema. Roho ikaniuma kama mutu amenikanyaga.

Alikuja, akafuta mikono, akasalimia wote, kisha akaniuliza mimi kwanza: "Yaya, naweza?" Akatoa bamba, akalilaza juu ya kitenge, akahesabu matundu yake kwa kidole. Manane. Akaangalia ndani ya sanduku. Vijiguu tisa. Kimoja kilisimama katikati pasipo tundu, kinagusa tumbo la bamba, chuma kwa chuma, na umeme unapita pasipotakiwa. Ndiyo maana mashine ilikuwa inajizima. Ni mimi niliyekifunga, ili kisibaki kitu.

Aliniangalia. Walimu hawakuona, mugongo wake uliwafunika. Akakifungua polepole, akakificha katika fundo la kitenge chake, akarudisha bamba, akabonyeza. Ekra, kile kioo chake, ikawaka. Chumba kizima kikapiga kelele.

"Ilikuwa ugonjwa gani?" Papa Prefe akauliza.

"Hakuna ugonjwa, Papa. Yaya alikuwa amemaliza yote muzuri. Kawaya kamoja tu njo kalilegea mu njia."

Ndugu mukubwa hafunuliwi mbele ya watu. Sote wawili tulilelewa hivyo. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wanasema. Kisha akaningoja. Ilikuwa zamu yangu. Maneno machache yalitosha: Papa, aliyeiwasha ni yeye, kazi ni yake. Nilikuwa nayo mudomoni, naapa. Lakini mwalimu mumoja akasema, "Ona mikono ya huyu dada!", na mwingine tayari anamupa simu yake aiangalie, nami nikaungua ndani. Hata ule wema wake niliuonea wivu.

"Njo hivyo, Papa," nikasema. "Ni waya."

Nikapewa ufunguo.

Baada ya miezi miwili alikuja siku ya Jumamosi, mbele ya somo langu kuanza, na daftari mpya mukononi. Shavu moja lilikuwa limevimba, sikuuliza.

"Yaya, uniandike mu wanafunzi. Nikipata karatasi kama yako, nitaomba kazi hata Masisi, niachane na soko."

Katika chumba mulikuwa wanafunzi watano. Mabenchi mawili ya nyuma yalikuwa wazi, yeye aliyaona, mimi niliyaona.

"Nafasi imejaa," nikamuambia.

"Haina shida, yaya," akasema, akaenda.

Jumatatu alipanda pikipiki kwenda Walikale, kule wanakochimba madini, na meza yake ikabaki sokoni. Baba aliniuliza kama mutoto aliniomba kitu mbele ya kuondoka. Nikasema hapana.