Marahaba Niliyomwitikia Adui

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzeeni na kuniachia meno ya kuchekea makosa yangu.

Jumamosi iliyopita, hapa Sumbawanga, timu ya mjukuu wangu Yustina ilipungukiwa mtu kwenye mashindano ya mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi. Akaniomba niingie.

"Babu, wewe hupigi mtu. Linda njia ya nyuma, ukimwona adui tutajie alipo. Tukishinda hii tunakwenda Mbeya."

Nikalinda kwa uvumilivu. Mara kwenye kioo cha kompyuta akatokea kijana, akanitazama, akachuchumaa. Kwetu Ufipa kijana huchuchumaa anapomsalimu mzee. Nikaona huyu amelelewa vizuri, nikaachia kipanya.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia kwa sauti. "Hawajambo nyumbani?"

"Babu, unaongea na nani?" Yustina akauliza.

"Na huyu aliyechuchumaa."

"Mama yangu! Huyo analenga!"

Kioo kikawa chekundu. Adui akapita kwenye njia yangu, akawaangusha wenzangu wote kwa kuwapiga mgongoni. Safari ya Mbeya ikafa hapo. Yustina akafunika uso, na washindi, waliokaa upande wa pili wa ukumbi na kunisikia, wakasimama wakaniinamia kwa pamoja:

"Shikamoo, babu!"

Nawe unayesoma, Mungu akulindie mgongo vizuri kuliko nilivyolinda mimi.