Mkeka wa Zambarau

Mama alipofariki nilibaki na nyumba ya vyumba viwili, chungu cha kupikia rangi, na ukindu mkavu uliofungwa vitita mpaka juu ya kabati. Nilikuwa nimekwisha kuachika, sikuwa na mtoto, na ndugu zetu wa Pangani walikuja matangani, wakala, wakaondoka. Mimi na mama tuliishi kwa mikeka. Yeye alipika rangi, mimi nilisuka ukili, ule utepe mrefu unaoungwa kuwa mkeka, na wateja walitufuata wenyewe uani, maana Bagamoyo nzima ilijua kwamba mkeka wa mama hauachi alama kwenye nguo.

Sababu yake haikuwa siri. Mama na mashoga zake wa mtaani walikuwa na desturi: ukindu ukishatiwa rangi na kukauka, hujipimii mwenyewe. Unampelekea mwenzio. Yeye huchovya kitambaa cheupe majini, hukisugua kwenye ukindu wako, kisha huwaonyesha wote. Kitambaa kikitoka na rangi, chungu kinarudi mekoni, hata uwe nani. "Rangi uliyoipika mwenyewe huioni," mama alikuwa akisema, "unaipenda tu." Nilimwona akirudia kitita kimoja mara tatu, huku anacheka, na shoga yake wa nyumba ya pili akimwambia, "Rudisha, bibi, rudisha, usije ukawapaka watu masizi."

Huyo wa nyumba ya pili ndiye niliyegombana naye. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa napita na ndoo ya maji, nikamsikia akiwaambia wenzake jikoni, "Mtoto huyu hana chozi. Mama mzazi kazikwa juzi, macho makavu!"

Kweli sikuwa na chozi. Lilikuwa halijanijia. Lakini nilitua ndoo nikamjibu mbele ya watu, "Kula wali wako, bibi. Machozi niachie mwenyewe." Alikuwa mkubwa kuliko mama, na shikamoo nilimpa tangu nijue kusema. Alijitanda kanga yake akatoka, na wale wanawake waliokuwa wakija kusuka kwetu kila alasiri wakahamia kwake, mmoja mmoja, bila kuniaga.

Basi nikasuka peke yangu. Watu hudhani kusuka ni kazi ya vidole, kumbe nusu yake ni kazi ya mdomo. Mkiwa wengi, pima kumi za ukili zinakwisha hujui zimekwishaje. Ukiwa mmoja unasikia ukindu unavyokwaruzana. Nilisikia kicheko ng'ambo ya ukuta, nikajua ni nani aliyecheka, na sikuweza kuuliza amechekea nini. Wakati mwingine nilikohoa makusudi, ili wajue nipo.

Arobaini ilipopita nilipata wazo. Nitasuka mkeka mrefu wa safu ya mbele, niutoe sadaka kwenye msikiti wa mtaa wetu kwa ajili ya mama, na kila atakayesujudu juu yake, mama apate fungu lake la thawabu. Sikuwa na kingine cha kumpelekea. Nilitaka uwe wa zambarau, rangi aliyoipenda kuliko zote na ambayo hakuwahi kuipika, kwa kuwa mizizi ya mdaa ilimpa nyeusi tu na bizari ilimpa manjano. Ilikuwa miaka ya vita kuu ya pili, madukani hakuna kitu. Mhindi mmoja alinitafutia kopo la rangi ya unga lililokuwa limesahaulika nyuma ya rafu. Nikaipika kwa chumvi na ndimu kama nilivyomwona mama akifanya. Rangi ilitoka nzuri, nzuri mno, nikakaa chini nikaitazama kama mjinga.

Ikabaki kupima. Nilichukua kitita na kitambaa, nikatoka. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa yule bibi hazikuwa zaidi ya hatua ishirini. Nilifika kwenye pembe ya ukuta wake nikasikia sauti yake ndani, anasimulia jambo, wenzake wanamwitikia. Nikajiambia, aje yeye kwanza, yeye ndiye aliyeanza. Nikarudi nyumbani nikajipimia mwenyewe, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto aliyelala. Kitambaa kilitoka na rangi kidogo pembeni. Nikasema ni vumbi. Vumbi la zambarau, jamani!

Nilisuka miezi mitatu. Nikaunga ukili kwa shazia, sindano ya mikeka, mpaka kidole gumba kikaota sugu, nikatia taraza, ule upindo wa ukingoni, pande zote. Muadhini, mzee mpole aliyekuwa akimjua mama, alikuja na mwenzake siku ya Alhamisi wakaubeba. Akaniambia mama ana bahati ya mtoto. Usiku ule nililala vizuri.

Wanawake wa mtaa wetu hatukuwa tukiingia msikiti ule, kwa hiyo nilijua sitauona umetandikwa. Siku ya Ijumaa nilikaa mlangoni kwangu, ambapo watokao msikitini hupita, ili nione angalau watu waliosali juu yake. Wa kwanza kutoka alikuwa mzee anayeheshimiwa sana, na kwenye paji la uso alikuwa na duara la zambarau. Nikadhani ni jicho langu. Akafuata wa pili, naye analo, na magoti ya kanzu yake mawili yametiwa muhuri. Walikuwa wametawadha, nyuso na miguu mibichi, na mkeka wangu umewapaka safu nzima. Mmoja alimnyooshea mwenzake kidole akicheka, mpaka alipoelezwa kwamba naye analo. Niliingia ndani nikafunga mlango mchana kweupe. Alasiri ile walicheka sana ng'ambo ya ukuta, na mara hiyo sikuhitaji kuuliza.

Kesho yake muadhini alibisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alama ilikuwa bado haijamtoka vizuri. "Wazee wanakusalimu. Hakuna aliyekasirika."

"Nirudishie mkeka niufue."

"Kilichokwisha kutolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hatukirudishi. Tumeukunja, tumeuweka chumba cha jeneza."

"Kwa hiyo hakuna atakayesali juu yake?"

Alitazama pembeni. "Hakuna, mwanangu."

Alipoondoka ndipo chozi la mama liliponijia, na halikukatika siku ile wala ya pili. Mama yangu alikuwa hapati kitu. Fungu lake limekunjwa gizani pamoja na panya, kwa sababu mimi nilishindwa kutembea hatua ishirini. Na hata baada ya kulijua hilo sikwenda. Naliandika kwa kuwa ni kweli. Nilisuka mikeka myeupe tu, nikauza, nikala, na chungu cha rangi nikakifunika.

Masika ya mwaka uliofuata, mtu mmoja alishuka kwenye lori la kutoka Msata ana homa kali, akafia hospitali kabla ya kusema anakwenda kwa nani. Walimjua Mwislamu kwa tasbihi iliyokuwa mfukoni. Watu wa msikiti walimkosha, wakachangishana sanda, na nguo wakati ule ilikuwa ya kubembeleza. Lakini cha kufunikia jeneza huletwa na watu wa marehemu, na yeye hakuwa na watu.

Nilikuwa dirishani baada ya Alasiri niliposikia tahlili za mazishi. Walikuja wanaume saba, haraka haraka, mvua imewawahi njiani. Juu ya jeneza ulikuwa mkeka wangu, umekunjwa mara mbili, unaning'inia huku na huku. Maji yaliupiga, zambarau ikawachuruzikia mabegani, ikashuka kwenye kanzu mpaka viunoni, na hakuna hata mmoja aliyejipangusa. Niliwatazama mpaka wakapinda kona ya kuelekea makaburini.

Kesho yake nilimwuliza muadhini jina la marehemu. Akasema hawakulijua.

Tangu siku ile nikiomba dua nawaombea wawili. Mama namtaja kwa jina lake. Kwa yule mwingine nasema tu, ee Mola, na huyu naye, hana mtu.