Somo Halikueleweka

Kosa la kwanza la mwalimu yule mpya lilikuwa kuamini kwamba karatasi ikiuliza swali, inataka jibu. Chini kabisa ya andalio la somo, lile jedwali ambalo mwalimu hulijaza kabla ya kuingia darasani na kulimalizia akitoka, kuna mstari wa tathmini. Shule nzima iliujaza kwa maneno mawili: somo limeeleweka. Wengine waliyaandika asubuhi kabla ya kugusa chaki, wengine waliyaandika Ijumaa kwa wiki nzima ijayo, mradi daftari limfikie mwalimu mkuu likiwa limejaa. Yeye, siku yake ya tatu kazini, alitoka darasa la nne C akiwa na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, akaandika: halikueleweka, watoto thelathini na mmoja hawajui kusoma.

Na kweli hawakujua. Mkondo wa A ulipewa wenye vichwa vyepesi, B wenye wazazi wakorofi, C waliobaki. Mwalimu mgeni naye hupewa C, kama mgeni asiye na kwao anavyopewa kiti kibovu.

Mwalimu mkuu akamwita. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na wapole wa aina hiyo ndio wa kuogopwa.

"Mwanangu, hapa umeandika nini?"

"Tathmini, Mwalimu."

"Hii si tathmini, haya ni mashtaka. Unajishtaki mwenyewe." Akamsogezea kalamu. "Mwaka wako wa majaribio ukiisha, anayejaza fomu ya kukuthibitisha kazini ni mimi. Nijaze kwamba masomo yako hayaeleweki? Futa hapo, yaishe."

Kalamu hakuipokea. Si kwamba hakuogopa. Lakini asubuhi ile alikuwa amemsimamisha binti mmoja ambaye wenzake walimwita Kasuku. Kasuku alisoma ukurasa wa kwanza bila kukwama hata mara moja. Alipofunuliwa wa pili, akaanza kuusoma uleule wa kwanza. Walimu watatu, miaka mitatu, walikuwa wameandika kwamba mtoto huyo ameelewa. Hasira ikamshika mwalimu mpya, na hasira ile ndiyo iliyomtoa ofisini akiwa bado amesimama wima.

Basi akarudi mwanzo. Alikata kalenda za zamani, akaandika silabi kwa nyuma, ba, be, bi, na wale wababe wa miaka kumi wakaziimba huku wakiona aibu. Walimu wenzake wakampa jina. "Mwalimu Halikueleweka," walimwita akiingia kwa chai, "na hii sukari je, imeeleweka?" Akacheka nao, maana mzaha ulikuwa mzuri. Ila mwalimu wa la nne A alipomwambia, "Dada, silabasi itakuacha," hakucheka.

"Wao ilishawaacha zamani," alisema. "Mimi nimerudi kuwachukua."

Muhula wa mwisho ikaja habari kwamba mkaguzi atafika Jumatatu. Ijumaa mwalimu mkuu akampa daftari jipya, jeupe. Anakili maandalio ya mwaka mzima, na kila mwisho wa somo aandike kama wenzake wanavyoandika. Fomu yake ya kuthibitishwa ilikuwa mezani, tayari, ikingoja wino tu.

Alilibeba hadi nyumbani. Mama yake, mfuaji wa mashuka ya hospitali, alimsikiliza huku akijipaka mafuta kwenye viganja vilivyochubuliwa na sabuni.

"Funika kombe mwanaharamu apite," mama alisema. "Miaka kumi na tisa nimefua ili wewe upate kazi, leo unataka kuitupa kwa ajili ya neno moja?"

"Mama, shuka likitoka na damu, huwa unasema limetakata?"

"Nalirudisha kwenye maji." Mama akamtazama, akasonya. "Na usinifundishe. Mimi si mwanafunzi wako." Lakini habari ya daftari hakuitaja tena mpaka Jumatatu.

Jumatatu daftari jeupe likarudi mezani kwa mwalimu mkuu likiwa jeupe vilevile. Mkaguzi akapewa lile la kweli. Alilifunua polepole, kurasa nyingi.

"Miaka yote ninayokagua," alisema, "sijawahi kukuta somo lisiloeleweka. Hapa nimeyakuta mengi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hayakueleweka. Mengine niliyarudia, yakaeleweka."

Mkaguzi akachukua kitabu, akakifunua katikati mwenyewe, akamwita Kasuku. Mtoto aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akalitafuna, akalimeza, akaenda la pili. Mistari minne ilimchukua muda hadi wenzake wakaanza kukohoa. Aliifikisha yote. Mkaguzi akaandika: anasoma kwa kusuasua. Mwalimu alilisoma neno hilo kichwa chini, kutoka upande wake wa meza, na machozi ya furaha yakamlengalenga.

Fomu ilirudi siku moja kabla ya likizo. Hakuthibitishwa. Majaribio yameongezwa miezi sita.

"Nilikwambia," alisema mwalimu mkuu, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Mwakani nakupa B. Andika kama watu, utathibitishwa."

"Naomba la tano C. Napanda nao."

"Darasa hilo hakuna aliyewahi kuliomba."

"Basi sina wa kugombana naye. Na Jumatatu nitakuwa hapa, Mwalimu. Wamebaki kumi na mmoja wasiosoma, nimewaambia waje."

"Likizo shule inafungwa. Funguo nakaa nazo mimi."

"Kaa nazo tu. Tutasomea kwenye ngazi."

Jumatatu walikuja tisa. Akawapa ukurasa wa kusoma, kisha akaenda kuwatafuta wale wawili.