Jina Lisiloingia Kwenye Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini Dadaab nilikabidhiwa kabati lenye droo nne na kalamu mbili, moja ya buluu na nyingine nyekundu. Nilikuwa karani wa utafutaji. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta watu waliopotezana na jamaa zao walipokimbia vita. Kila mtu aliyeandikishwa kambini alikuwa na kadi yake. Jina lake, la babake na la babu niliyaandika kwa buluu, na juu pembeni, kwa nyekundu, niliandika lakabu yake.

Sisi Wasomali hatuna jina la ukoo la kubandika mwishoni. Abdi Mohamed Ali ni Abdi mwana wa Mohamed mwana wa Ali, na akina Abdi hao ni wengi kuliko mbuzi wa soko la Garissa. Kinachowatenganisha ni lakabu, nayo haina huruma. Gurey ni mtumia mkono wa kushoto, Dhego ni mwenye masikio. Hakuna anayenuna. Mimi mwenyewe, kwa ufupi wangu, ni Halima Yarey mpaka leo.

Baada ya muda, Afisa Uandikishaji, mtu wa bara aliyepiga pasi hata leso, alirudi kutoka Nairobi na kidaftari cha kielektroniki. Kilienea kiganjani. Kilikuwa na vitufe vidogo kama dengu, kioo cha mistari michache, na betri bapa mfano wa kifungo cha koti. Ukibonyeza herufi mbili tatu, jina linakuja lenyewe. Nilikipenda, sitasema uongo.

Taabu ilikuwa nafasi. Palikuwa na sehemu ya jina, ya anwani na ya simu, basi. Nikajaribu kutia lakabu kwenye sehemu ya simu, maana kambini nani alikuwa na simu? Mashine ikakataa herufi, ikataka tarakimu tu.

"Achana nazo," Afisa akaniambia. "Siwezi kumwita mtu Masikio mbele ya mamake. Hayo ni matusi, Bi Halima, na matusi hayaingii kwenye mashine ya ofisi."

Nilijua amekosea, lakini nikatii. Kidaftari kile kilinifanya nionekane msomi. Kadi zikapelekwa stoo, na kila nilipoona jina moja limejirudia, nilidhani nimemwandika mtu mmoja mara mbili, nikafuta.

Ndipo akaja Dahabo. Alitoka Mandera juu ya lori la mifugo, akimtafuta mwanawe aliyempoteza mpakani. Nilimwita habaryar, kama tumwitavyo mama mdogo. Jina la mwanawe lilikuwa Abdi Mohamed Ali. Mashine ikatoa akina Abdi watano. Tukawaita mmoja mmoja kwa siku mbili, na kila mmoja alipoingia mama alitikisa kichwa.

"Huyu Abdi, yule Abdi, wote Abdi ya watu," alimwambia Afisa kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Yangu iko wabi? Yangu ni Ilkaase!"

Ilkaase ni mwenye meno mekundu, yale yaliyoharibiwa na maji ya visima vya kwao. Nilikimbilia stoo, nikakuta mchwa wamekula kadi na kuacha vumbi. Lori lilikuwa linarudi Mandera alasiri ile, na mama alikuwa ameacha mabinti wadogo kwa jirani. Nikamweleza Afisa kila kitu, hata yale majina niliyoyafuta.

Hakunikaripia. Alichukua kipaza sauti, akaenda kwenye mabomba ya maji ambako watu walipanga foleni na madumu yao. Jasho la aibu likimtiririka, akaita: "Ilkaase! Ilkaase wa Dahabo!"

"Leo Afisa natukana watu!" mwanamke mmoja akapiga kelele. Wakacheka mpaka wakaweka madumu chini. Kicheko hicho ndicho kilichobeba jina kutoka foleni hadi foleni, hema hadi hema. Lori halijawashwa, kijana mmoja akaja mbio. Dahabo hakumkumbatia. Alimfungua mdomo kwa vidole viwili, akayakagua meno kama anayenunua ngamia. Kisha akalia kwa sauti, nami nikalia.

Kidaftari kilichofuata kilikuwa na kalamu ya plastiki ya kuandikia juu ya kioo, na ukurasa wa maelezo. "Anza na lakabu," Afisa aliniamuru. Miaka mingi baadaye zikaja simu za mkononi, mwanzo za kupigia tu, kisha hizi simu janja. Nilipoishika ya kwanza nilikiona kidaftari changu kimemezwa humo, pamoja na redio na kamera. Sasa jina lina nafasi kubwa mno, lakini simu haikuambii uandike nini.

Nimestaafu, naishi Garissa. Mwaka jana nilipata habari kwamba Afisa wetu amefariki. Nikawatumia wenzangu wa zamani ujumbe, nikiandika majina yake matatu kamili na cheo chake. Kimya. Wawili wakauliza, ni nani huyo?

Nikafuta, nikaandika lile jina ambalo kambi nzima ilimpa tangu siku ile ya mabomba: Bwana Ilkaase ametutoka.

Simu haikunyamaza mpaka Magharibi. Wa kwanza kupiga alikuwa Abdi, mwana wa Dahabo.

"Wajina yangu," alisema, "aliyeniita kwenye mabomba."