Majani Niliyoyatandaza Uwanjani

Mimi ni mtu wa kushuku. Fundi akiniambia njoo kesho, najua ananizungusha. Muuza nyanya akinichekea sana, nageuza nyanya zote nione zilizooza chini. Kwetu Singida walinitania kwamba hata mchungaji akiniombea nafumbua jicho moja, na nilipopangiwa kufundisha Tukuyu tabia hiyo nilipanda nayo basi.

Nilikuja pia na kamera, na ugonjwa wa nyumba zilizoachwa. Jumapili baada ya ibada nilikuwa natembea kwa miguu vijijini nikizitafuta. Sikuwahi kuomba ruhusa. Nilijiambia kwamba nyumba isiyo na watu haina wa kuombwa, na kwa miaka miwili jibu hilo lilinitosha.

Jumapili moja, kwenye njia ya Kawetele, niliikuta niliyoipenda kuliko zote. Matofali ya kuchoma, bati lililoshika kutu, mbao zimepigiliwa madirishani, na makaburi mawili ya saruji pembeni, chini ya migomba. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Kasoro ilikuwa moja tu: uwanja ulikuwa umefagiliwa. Michirizi ya fagio ilionekana wazi kwenye udongo, kuanzia mlangoni hadi kwenye makaburi.

Mtu anayeshuku nyanya angejiuliza nani kafagia. Mimi niliudhika, basi. Niliingia migombani, nikakumbatia majani makavu, nikayatandaza uwanjani. Nilirudi mara tatu, mpaka michirizi yote ikafunikwa. Kisha nikapiga picha.

Niliiweka mtandaoni na maneno haya: walioondoka hawakurudi. Sifa zilimiminika. Mwanaume mmoja aliniandikia faraghani, akasema amekulia maeneo hayo, akaniita msanii, akaomba picha yenyewe pamoja na tarehe yake. Nilimtumia dakika ileile. Sikumwuliza hata anaitakia nini.

Baada ya wiki mbili mama mmoja mzee alikuja shuleni. Alikuwa amejifunga khanga mbili na viatu vyake vina matope, na alikataa kiti.

“Mwalimu, nani alikutuma kwangu?”

Nilidhani ni tapeli. Nikamwambia sijatumwa na mtu na simfahamu. Akaniambia jirani aliniona na kamera. Akaeleza, taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa, kwamba nyumba ile ni yake, na makaburi ni ya mume wake na mtoto wao wa kwanza. Tangu augue miguu anakaa mjini kwa binti yake, ila kila Jumamosi anakwenda kufagia, ili mtu asije akasema pameachwa. Na mtu wa kusema alikuwepo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anadai shamba lirudi kwa ukoo kwa kuwa mjane amelitelekeza. Sasa alikuwa na picha ya kuthibitisha.

Akatoa simu ya binti yake, akaniwekea kidole juu ya picha yangu.

“Nilifagia Jumamosi. Wewe ulipita Jumapili, upepo hapakuwa. Majani haya yametoka wapi?”

“Niliyakuta,” nikasema.

Aliirudisha simu ndani ya khanga. “Ndaga, mwalimu,” akasema, yaani asante, na akaondoka. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, lakini sikumwita arudi.

Niliitwa kwenye baraza la ardhi la kijiji kuthibitisha picha. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusema neno moja tu, ndiyo. Shemeji ndiye yule aliyeniita msanii; alinipa mkono kwa furaha. Mama alikuja na fagio lake. Lilikuwa la vijiti, limeisha kwa kufagia mpaka limebaki kama kiganja, na alililaza mezani mbele ya mwenyekiti, kando ya picha yangu. Halikuonekana kuwa kitu cha maana.

“Mwalimu, picha ni yako?” mwenyekiti akauliza.

“Ni yangu.”

“Na hali ndivyo ulivyoikuta?”

Nilitazama lile fagio. “Hapana. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Majani niliyatandaza mimi, picha ipendeze.”

Watu walinong’ona. Shemeji hakukasirika hata kidogo. “Huyu amepangwa,” akasema. “Mama alimfuata shuleni, watu walimwona. Leo mwalimu kageuka.” Wazee wawili wakaitikia kwa kichwa kukubaliana naye, na kwa kweli ningekuwa wao ningekubali pia.

Ikaamuliwa twende wote tukaone. Tulifika, tukakuta uwanja ni safi, michirizi mibichi mpaka kwenye makaburi.

“Kafagia kwa sababu mnakuja,” shemeji akasema.

Mama alinigeukia mimi, na hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Miaka yote ile ya Jumamosi sasa ilikuwa inashukiwa, hata michirizi iliyokuwa mbele ya macho yetu.

Wazee hawakuweza kuwapatanisha, na shauri limepelekwa mjini Tukuyu. Bado halijaamuliwa. Mama alinitumia ujumbe kupitia binti yake: kila Jumamosi niende nimpigie picha anapofagia, picha iwe na tarehe. Naenda, hata mvua ikinyesha. Haniruhusu kukanyaga uwanja. Nasimama barabarani, na nikishamaliza ananiamuru niweke mikono nyuma mpaka aje. Kisha anaichukua kamera, anaisogeza karibu na macho, na anakagua picha polepole, mlango, kaburi la kwanza, kaburi la pili, mgomba mmoja baada ya mwingine, aone kama nimeongeza kitu.